Kazi ya Mwalimu Audax Siku ya Mazishi

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Mvua nyepesi tangu alfajiri, ukungu mzito kwenye mabonde ya Nyamiaga. Jua lilichungulia saa tano, likaona mambo yalivyo, likarudi ndani.

Siku hiyo alizikwa mzee Bulugu, fundi wa kuezeka nyumba, na siku hiyohiyo Mwalimu Audax alikutwa akifanya kazi.

Kwenye kitongoji chao mtu akifa jembe halinyanyuliwi mpaka azikwe. Panga halikati mkungu isipokuwa wa msiba, cherehani hufunikwa shuka, na anayechoma matofali huacha tanuri lizime. Sheria hiyo inalindwa na chama cha machela, na hakuna kaya isiyokuwemo. Nyumba nyingi ziko bondeni na barabara iko juu, kwa hiyo chama hubeba wagonjwa kuwapeleka juu kwenye gari, na hubeba marehemu kuwateremsha makaburini. Watu husema chama kitakupandisha mara nyingi na kukuteremsha mara moja.

Audax alikuwa mwanachama tangu ujana wake na bega lake la kushoto lilikuwa na sugu ya kuthibitisha hilo. Alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu akiwa na miaka sitini, na alipostaafu akajiandikisha chuo kimoja cha Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili akiwa nyumbani. Tasnifu yake ilihusu fikra za utawala katika ushairi wa Italia wa zama za kati. Watu walipomuuliza anasomea nini aliwaambia hivyohivyo, neno kwa neno. Walimjibu, "Sawa, Mwalimu," kisha wakauliza habari za migomba.

Mambo haya hayakumwangukia kutoka mbinguni. Alipokuwa kijana seminarini, padri mmoja Mwitaliano alimfundisha lugha yake kwa kumsomesha mashairi kwa sauti kila asubuhi, padri mwenyewe akinyoa ndevu. Audax akikosea matamshi, padri alisimamisha wembe. Upadri haukumpata, lakini lugha ilimbaki, pamoja na kitabu kikubwa cha mshairi wa miaka mia saba iliyopita ambacho mchwa walikula jalada wakaacha maneno.

Kilichomvuta hakikuwa vina wala mizani. Kilikuwa siasa. Mji wa mshairi yule uligawanyika kambi mbili. Kambi moja ikaifukuza nyingine, kisha ile iliyoshinda nayo ikagawanyika mbili, kwa sababu watu waliokwisha kuzoea kufukuzana hawawezi kukaa bure. Mshairi alikuwa mmoja wa viongozi wa mji. Akahukumiwa akiwa safarini, na hakuruhusiwa kurudi. Huko alikohangaika ndiko alikofikiri na kuandika kwamba fimbo ya mchungaji wa kanisa na upanga wa mtawala visishikwe na mkono mmoja. Miaka baadaye mji ukamwambia arudi, ila kwanza apite hadharani akiwa amevaa alama ya mkosaji. Akakataa. Akafia mji wa watu.

Audax aliipenda sana sehemu hiyo ya kukataa. Aliitengea sura ya tatu nzima.

Mkewe Bernadetha, ambaye wote walimwita Mama Scolastica kwa jina la binti yao mkubwa, alikuwa na uhusiano wake mwenyewe na ushairi wa Italia. Kila alipomwita mumewe aje washike kazi ya shamba, jibu lilitoka dirishani: "Niache kidogo, Mama Scolastica. Nafanya kazi." Naye alimwacha. Kahawa aliichuma, akaianika, akaigeuza, akaiingiza ndani mvua ilipokuja.

Na pembeni ya nyumba yao, kwenye nyumba ndogo yenye mlango wa bluu, aliishi mama yake Audax, Bibi Eustakia, aliyekuwa amevuka miaka themanini na kuyapanga mazishi yake mpaka mwisho. Gauni lilikuwa kwenye sanduku. Nyimbo zilichaguliwa. Kaburi lingekuwa kushoto kwa mumewe, maana kulia kulikuwa na mizizi ya mwerezi. Wabebaji nao aliwapanga: "Marcel akae mbele kulia. Mabega yake yako sawasawa, sitaki kwenda kaburini nimeinama." Jambo moja tu ndilo alilolitaka kwa mwanawe: abebwe na watu wa kwao, mabegani. "Msinitupe kwenye pikapu kama viazi."

Marcel aliyetajwa ndiye mwenyekiti wa chama cha machela. Pia ndiye mpikaji bora wa rubisi, ile pombe ya ndizi, kutoka hapo mpaka Ngara mjini.

Jumamosi ile Audax alikwenda msibani mapema, akachimba kaburi zamu yake, akalowa. Akarudi nyumbani kubadili shati. Shati kavu lilikuwa kwenye kiti, kiti kilikuwa mbele ya meza, na mezani palikuwa na sura ya tatu. Akakaa ili afunge vifungo. Alipofika kifungo cha pili aliona sentensi inayochechemea, akachukua kalamu.

Marcel alipita kuchukua kamba za kuteremshia jeneza, ambazo zilitunzwa kwa Audax. Mlango ulikuwa wazi.

"Mwalimu! Tunakusubiri na kamba. Unafanya nini?"

Audax hakuinua kichwa. Jibu lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia amina.

"Nafanya kazi kidogo. Naja."

Alipoinua macho, Marcel alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake, akimtazama kama mtu aliyemkuta shemasi kwenye banda la nguruwe.

"Umesema nini?"

"Nimesema naja."

"Kabla ya hapo."

Mzee Bulugu alizikwa vizuri, kamba hazikukatika, na Audax alitupa udongo wake kama wengine. Lakini Jumapili baada ya ibada chama kilikutana nyuma ya kanisa la kigango, na ajenda ilikuwa moja.

Marcel alieleza alichokiona na alichokisikia. Audax akasimama. Alikuwa amejiandaa usiku kucha na alikuwa na hoja.

"Mwenyekiti, ndugu zangu. Sheria inakataza kazi. Kusoma si kazi. Hakuna jembe lililonyanyuka, hakuna kilichouzwa wala kilichovunwa. Nani hapa amewahi kuniona nasoma akasema, Mwalimu anafanya kazi?"

Watu wakatazamana. Hoja ilikuwa nzito. Wiston, aliyepika rubisi pia lakini bila sifa, alisema kweli yeye siku zote alijua Mwalimu hana kazi. Wengine wakaunga mkono. Kwa muda Audax aliona ameshinda, ingawa ushindi wenyewe haukuwa mtamu sana mdomoni.

Ndipo Bernadetha akasimama upande wa akina mama.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, Mama Scolastica."

"Nauliza mume wangu. Kama kusoma si kazi, miaka yote hii nimechuma kahawa peke yangu kwa sababu gani?"

Akina mama walipiga makofi kwa pamoja. Audax alihesabu njia zake. Akisema kusoma ni kazi, ana kosa mbele ya chama. Akisema si kazi, ana kosa nyumbani, tena la miaka minne. Alichagua njia ya tatu, ambayo ilikuwa mbaya kuliko zote mbili.

"Swali si hilo," alisema. "Swali ni nani anahukumu. Faini ya chama ni dumu la rubisi. Rubisi inanunuliwa kwa nani? Kwa mwenyekiti. Anayetoa hukumu ndiye anayeuza faini. Hayo ni mamlaka mawili kwenye mkono mmoja, na tangu zama za kati imejulikana kwamba hayafai."

"Zama za nani?" mtu aliuliza kwa nyuma.

Marcel hakupandisha sauti. "Mwalimu, faini inanunuliwa kwangu kwa sababu mwaka juzi tulinunua kwa Wiston, na watu walishinda vichakani siku mbili."

"Ndizi zilikuwa changa!" alisema Wiston.

"Hata sisi tulikuwa wachanga tulipomaliza."

Walipokwisha kucheka, walitoa hukumu. Audax alete dumu moja, asimame katikati, aseme "nimekosa", anywe kikombe cha kwanza, basi. Mpaka atakapofanya hivyo ametengwa, yeye na nyumba yake. Hatasalimiwa, hataazimwa kitu, na machela haitaingia uani kwake, iwe kwa mgonjwa au kwa marehemu.

"Siwezi kusema nimekosa kwa hukumu ya namna hiyo," alisema Audax, na mgongo wake ulinyooka. Alijisikia yuko sura ya tatu.

Wiki za kwanza kutengwa kulimfaa. Hakuna aliyekuja kuomba aandikiwe barua ya mkopo, hakuna aliyempitia kwenda kuona ng'ombe wa mtu. Alimaliza sura ya tatu na kuingia ya nne. Aliandika kwa uelewa mpya kuhusu mkate wa ugenini na ngazi za nyumba za watu, ambavyo mshairi alisema ni vichungu kwa aliyefukuzwa kwao, ingawa yeye alikula nyumbani kwake na nyumba haikuwa na ngazi.

Bernadetha ndiye aliyetengwa kwelikweli. Alizoea kwenda kisimani na wenzake wakizungumza njia nzima. Sasa walipomwona walianza kuongea habari za mvua, tena wenyewe kwa wenyewe.

"Yule mtu wako," alimwuliza mumewe jioni moja wakila, "alipokataa kurudi, nani alimzika?"

"Watu wa mji mwingine. Walimheshimu sana. Mpaka leo kaburi liko huko."

"Basi na sisi tuhamie Nyakanazi kwa Scolastica. Ana vyumba vya wageni, atatupa kimoja."

Bibi Eustakia, aliyekuwa akila polepole kwenye mkeka, aliweka kijiko chini.

"Mimi nizikwe Nyakanazi? Nilale nasikiliza malori yanapiga honi mpaka siku ya hukumu?"

"Mama, hakuna aliyesema utakufa," alisema Audax.

"Kwani hilo linangoja kusemwa? Audax mwanangu, nikifa leo, nani anakaa mbele kulia?"

Audax alimsogezea bakuli la mboga. Mama yake alichukua kijiko, akaendelea kula.

Msimamizi wake wa masomo alikuwa Daktari Zulfa, mwanamke aliyezaliwa Biharamulo mjini kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa Kiislamu, na aliyejua vijiji hivi kuliko alivyotaka kukubali. Alipiga simu mwisho wa Aprili.

"Shikamoo Mwalimu." Alimsalimia hivyo kwa umri, kisha akamrekebisha kwa cheo. "Nimesoma sura ya nne. Ni nzuri, lakini kuna ukurasa wa machela. Machela ya nini?"

Audax alimweleza yote.

"Kwa hiyo unakataa kuomba radhi kwa sababu mshairi alikataa."

"Kwa sababu ya kanuni, Daktari. Mshairi ni mfano."

"Sawa. Alipokataa kurudi, mama yake alikuwa hai?"

Audax alilijua jibu, ila hakuwahi kuulizwa. "Hapana. Alifariki mshairi akiwa mtoto."

"Na mke?"

"Inasemekana alibaki mjini."

"Weka kwenye tanbihi," alisema Daktari Zulfa. "Kwamba alikataa, na hakuwa na mama wa kuzikwa. Na machela uitoe. Mtahini atadhani ni chombo cha Kiitaliano."

Siku chache baadaye Bibi Eustakia aliamka na homa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ya kupanda barabarani ilikuwa utelezi ambao hata pikipiki haikuthubutu. Kwa kawaida Bernadetha angepiga yowe moja uani na wanaume wanne wangetokea na machela kabla hajavuta pumzi ya pili. Alisimama uani, akafungua kinywa, kisha akakumbuka, akakifunga.

"Mpandishe mgongoni," alimwambia mumewe.

Bernadetha alimfunga mama mkwe kwa kitenge kama mtoto, akafuata nyuma ameshika mwavuli. Audax alianza kupanda. Mama yake alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea, jambo lililomwumiza zaidi ya kama angekuwa mzito.

"Polepole," alisema Bibi Eustakia sikioni mwake. "Mimi sina haraka, nimekwisha kuchelewa."

"Usiongee, Mama. Una homa."

"Homa iko kichwani. Mdomo mzima."

Watu walitoka kwenye vibaraza vyao. Walisimama na mikono yao mitupu, maana sheria ilikuwa yao na sasa iliwabana wao. Mwanamke mmoja alianza kulia, akaingia ndani ili asionekane. Audax aliteleza akapiga goti, akainuka. Akateleza tena.

Penye kona mbaya kuliko zote alikuta Marcel amesimama katikati ya njia. Wakatazamana. Marcel hakumsalimu. Aligeuka akaanza kupanda mbele yake, taratibu, na kila alipokuta jiwe lililolegea alilipiga teke likaanguka bondeni, na kila palipoteleza alikata majani kwa panga akayatandika. Hakugusa mgonjwa. Sheria ilikataza kubeba, haikusema chochote juu ya mawe. Walikwenda hivyo mpaka barabarani, watu wanne bila salamu, na gari lilipopatikana Marcel alikuwa amekwisha kugeuka kurudi.

Ilikuwa malaria. Zahanati walimlaza, wakamtundikia dripu, na siku ya pili alikuwa akilalamikia uji. Audax alikaa kando ya kitanda, magoti yamechubuka.

"Umenibeba vizuri," mama yake alimwambia. "Sikutegemea. Ulikuwa mvivu wa kubeba tangu mtoto."

"Asante, Mama."

"Ila jeneza halibebwi mgongoni, na wewe ni mmoja." Alifumba macho. "Huyo Mwitaliano wako nasikia alikuwa mtu mkubwa. Sawa. Mimi ni mtu mdogo, nataka wabebaji."

Audax alikaa hapo mpaka mama yake aliposinzia, kisha akatoka nje, akasimama kwenye ukuta wa zahanati muda mrefu akitafuta hoja. Alizitafuta zote, za upanga na za fimbo. Bado aliamini kwamba anayehukumu hapaswi kuuza faini. Aliamini hivyo na angeendelea kuamini. Lakini hakuna mahali popote katika sura zake nne alipoona namna ya kumpeleka mama yake kaburini akiwa amenyooka.

Jumapili ya kwanza ya Mei alikwenda kwa Marcel, akanunua dumu la rubisi bila wote wawili kusema neno. Mnunuzi aliyetengwa alionyesha kwa kidole, na muuzaji alijaza.

Nyuma ya kanisa watu walikuwa wamekwisha kukaa. Bibi Eustakia aliletwa na Bernadetha akakalishwa kwenye kigoda mbele kabisa, amejifunga kanga mbili. Audax aliweka dumu katikati, akamimina kikombe cha kwanza, akasimama.

"Nimekosa," alisema.

"Umekosa nini?" aliuliza Marcel, kama taratibu inavyotaka.

"Nilifanya kazi siku ya mazishi ya mzee Bulugu."

"Kazi gani?"

"Kusoma. Na kuandika."

Minong'ono ilipita. Wiston akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, tuelewane. Kwa hiyo kuanzia leo kusoma ni kazi?"

Marcel alifikiri. Hakuwa mtu wa kukurupuka. "Ni kazi. Mtu hawezi kulipa faini ya kitu ambacho si kazi."

"Na hiyo kazi yake inaleta nini nyumbani?"

"Inaleta faini," alisema Bernadetha.

Walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akaomba maji. Audax naye alicheka, ingawa alichelewa kidogo. Akanywa kikombe chake. Rubisi ilikuwa nzuri, na hilo halikumsaidia sana, kwa sababu wakati inapita kooni alijua kwamba amefanya kitu ambacho mtu aliyemsoma maisha yake yote alikataa kukifanya. Alipokea mikono ya watu. Mmoja alimwambia karibu. Mwingine alimwambia kuna barua ya mkopo anataka aandikiwe, yuko tayari kungoja. Wanawake walimzunguka Bernadetha na kumsimulia mambo ya wiki zote zile kwa pamoja, kila mmoja akianzia mwanzo.

"Na ile hoja ya mamlaka mawili," Audax alimwambia Marcel watu walipokuwa wakitawanyika, "bado naishikilia."

"Ishikilie," alisema Marcel. "Mkutano ujao uilete. Wiston atakuunga mkono, na wengine wote watapinga."

Bibi Eustakia alipitishwa mbele yao akishikwa mkono. Alisimama, akamtazama Marcel mabega, la kulia na la kushoto, akaridhika, akaendelea na safari yake.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, hakukuwa na mvua. Audax aliosha dumu, akalipeleka kwa Marcel. Alimkuta anakamua ndizi za rubisi kwa kuzikanyaga ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, miguu mitupu, majani yamemfika vifundoni.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, Mwenyekiti. Za hapa?"

"Salama. Bibi amelalaje?"

"Vizuri. Ameagiza nikuambie usibebe magunia upande mmoja."

Marcel aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukanyaga. Akauliza, bila kusimama, "Yule wa Italia. Hawakumwendea tena? Wakambembeleza?"

"Hawakumwendea."

"Hata mmoja, akae naye chini, amwambie acha ukaidi?"

Audax alifikiri juu ya vitabu vyote alivyosoma. "Haikuandikwa."

"Mji mbaya huo," alisema Marcel. Kisha akamwonyesha kwa kidevu upande wa pili wa mtumbwi, na Audax akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kukanyaga.